Jina upande huu, ugonjwa upande ule: historia ya faili za wagonjwa, Mosoriot hadi Chebunyo

Leo sitaandika juu ya simu mpya wala programu ya kupakua. Nataka twende Chebunyo, halafu turudi nyuma hadi mwaka 2001, kwa sababu kuna jambo moja juu ya siri za wagonjwa ambalo sisi watu wa kompyuta huliangalia kinyumenyume.

Kwa asiyepajua: Chebunyo ni wadi katika eneo bunge la Chepalungu, kaunti ya Bomet. Ukitaja Bomet na Kericho watu huona majani ya chai, lakini ukishuka upande huu chai inaachia nafasi mahindi na ng'ombe. Wakazi wengi ni Wakipsigis, na kila boma lina kokwet yake, yaani ujirani ambamo mtu anajulikana yeye, babake na ng'ombe aliowalipa mahari. Ukiugua sana unapelekwa Longisa, hospitali ya kaunti, au Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa 1937. Ukiugua kawaida unaenda zahanati ya karibu.

Na zahanati ya karibu, kama zahanati nyingi za mashambani Kenya, kwa miaka mingi imeishi kwa aina mbili za madaftari. La kwanza ni daftari la shule, lile la kurasa chache lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambalo mgonjwa hununua dukani mwenyewe. Afisa wa kliniki anaandika humo dalili, kipimo na dawa, kisha mgonjwa anarudi nalo nyumbani na kulificha chini ya godoro. La pili ni rejista kubwa ya Wizara ya Afya inayokaa mezani: jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa, wote kwa mstari mmoja mmoja, aliyekuja leo juu ya aliyekuja baadaye. Mwisho wa mwezi mistari inahesabiwa na jumla kupelekwa juu. Wizara haihitaji jina lako, inahitaji kujua malaria ilikuwa ngapi. Lakini jina linabaki pale mezani, na ukiinama kuweka sahihi unaweza kusoma ya wenzako watano.

Mtu wa programu akitazama madaftari haya mawili anaona kitu kimoja tu: ni wapi jina linapounganishwa na ugonjwa. Ugonjwa peke yake ni takwimu, na jina peke yake liko hata kwenye orodha ya wapiga kura. Siri inazaliwa pale viwili vinapokutana kwenye mstari mmoja. Katika daftari la shule muungano huo anao mgonjwa mwenyewe. Katika rejista anao yeyote aliye karibu na meza. Hebu kumbukeni hilo, maana yote yanayofuata ni hadithi ya muungano huo kuhamahama.

Sasa twende Mosoriot. Ni kituo cha afya kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet, kaunti ya Nandi, kwa hiyo bado tuko kwa majirani wa Wakipsigis. Februari 2001 watu wa Chuo Kikuu cha Moi, akiwemo Profesa Joseph Rotich, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, waliwasha pale mfumo wa rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Msicheke: ulikuwa umejengwa kwa Microsoft Access. Ulikuwa na umeme wa akiba kwa sababu stima ilikuwa ikipotea, na daktari hakugusa kompyuta kabisa. Alijaza fomu moja ya karatasi kwa kila ziara, badala ya habari zile zile kunakiliwa katika madaftari kadhaa ya idara mbalimbali, halafu karani akaingiza fomu kwenye mashine. Kwa miezi sita ya kwanza waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190.

Walipima pia muda, na matokeo yao nayapenda kwa sababu hayakupambwa. Ziara zilipungua urefu kwa asilimia 22. Muda wa mgonjwa na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58. Na wafanyakazi je, walifanya nini na muda uliobaki? Utafiti wenyewe unasema walitumia zaidi katika shughuli zao binafsi! Nimesoma ripoti nyingi za miradi ya kompyuta Afrika na ni chache zenye ujasiri wa kuandika hivyo.

Kwa upande wa siri, badiliko kubwa la Mosoriot lilikuwa kupunguza nakala. Habari zikiwa katika madaftari matano, jina lako limeunganishwa na ugonjwa wako mara tano, kwenye meza tano. Fomu moja na mashine moja ni sehemu chache za kulinda. Hapo kompyuta ilimlinda mgonjwa, ingawa haikuwa sababu ya kuletwa.

Kisha Ukimwi ukabadilisha kila kitu. Ushirika huo huo wa Moi na Indiana ulianzisha AMPATH mwaka 2001, na wagonjwa wakawa wengi kupita uwezo wa Access. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wanaojua pia kuandika programu, walifika Eldoret, wakaona mfumo uliokuwepo hautafika mbali, wakaanza kuchora mwingine. Ndio uliokuja kuwa OpenMRS, ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Ni programu huria, Java na MySQL, na leo inatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya serikali yetu, imejengwa juu yake. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema Afrika inapokea tu teknolojia, mwambie apande matatu hadi Eldoret.

Nilipofungua majedwali ya OpenMRS kwa mara ya kwanza nilikaa nayo usiku kucha. Majina yako kwenye jedwali linaloitwa person_name. Vipimo na magonjwa viko kwenye jedwali jingine kabisa, obs, na humo ugonjwa hauandikwi kwa maneno, unaandikwa kwa nambari inayotoka kwenye kamusi ya dhana. Anayeiba jedwali la obs peke yake amepata gunia la nambari. Ili ujue nani ana nini unahitaji majedwali yote mawili, kamusi, na person_id inayoyafunga. Waliofanya hivyo walikuwa wakifikiria ubora wa data zaidi ya siri, lakini faida ni ile ile.

Halafu kuna nambari ya mgonjwa. OpenMRS inaweza kuweka mwishoni tarakimu ya kukagua, kwa hesabu ya Hans Peter Luhn wa IBM, ile ile inayotumika kwenye kadi za benki. Chukua 1234. Anzia kulia, zidisha kwa 2 tarakimu moja na kuruka moja: 4 inakuwa 8, 3 inabaki, 2 inakuwa 4, 1 inabaki. (Ukizidisha ukapata zaidi ya 9, ondoa 9.) Jumla ni 16, ili ifike 20 inahitaji 4, basi nambari kamili ni 1234-4. Karani aliyechoka akiandika 1243-4 hesabu inakuwa 15, inahitaji 5, mashine inakataa. Mnaweza kuona hili kama jambo dogo. Bila tarakimu hiyo, kipimo chako kinaingia kwenye faili ya mwingine, na yeye ndiye ataambiwa habari zako. (Wajuaji msiniandikie: ndiyo, Luhn haikamati 09 ikigeuzwa kuwa 90.)

Turudi sasa nchi ya chai. Kati ya Juni na Desemba 2003, utafiti wa virusi vya Ukimwi uliandikisha Kericho watu wazima 2,801 wa mashamba makubwa ya chai, ili wafuatiliwe kwa miaka kadhaa. Fikirieni maisha ya shambani. Nyumba ni ya kampuni. Mara nyingi shule ni ya kampuni, zahanati ni ya kampuni, na kazi ni ya kampuni. Muungano wa jina na ugonjwa ukimfikia asiyefaa, mtu hapotezi heshima tu, anaweza kupoteza nyumba, shule ya watoto na mshahara siku moja. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 ilikataza kumlazimisha mtu kupimwa ili aajiriwe, na ikakataza kutoa matokeo yake bila idhini isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Katiba ya 2010 ikaongeza kifungu cha 31 juu ya faragha, kinachotaja wazi habari za familia na mambo binafsi.

Lakini sheria ikiwepo haimaanishi mkubwa ameisoma. Tarehe 23 Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti, pamoja na wakuu wa elimu na afya, wakusanye habari za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao, na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia ilisemwa ni njema: kujua nani anahitaji dawa. Ila namna ilikuwa jedwali lenye jina na hali ya mtu kwenye mstari mmoja, lipite kwa utawala wa mkoa. Miaka kumi na minne ya kutenganisha, kisha barua moja inaagiza viunganishwe, tena mikononi mwa watu wasio wahudumu wa afya!

Shirika la KELIN na wenzake walienda Mahakama Kuu. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lilikiuka kifungu cha 31 na haki za watoto katika kifungu cha 53, na akaamuru orodha zilizokwisha kukusanywa zihifadhiwe kwa namna isiyounganisha majina na hali ya mtu. Kwa lugha yetu, jaji aliamuru muungano uvunjwe. Sijui uamuzi mwingine wa mahakama Kenya unaosomeka kama muundo wa hifadhidata kuliko huo, na ningeuweka kwenye masomo ya kila mwanafunzi wa kompyuta.

Mengine nitayapitia haraka. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019. Inaweka habari za afya kati ya data nyeti, na inampa anayezitunza saa 72 kumjulisha Kamishna zikivuja. Oktoba 2023 ikaja Sheria ya Afya Dijitali. Desemba 2025, Kenya ilipotia sahihi mkataba wa afya na Marekani, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu ya kupeleka data za wagonjwa nje.

Haya, kinyumenyume niliyoitaja mwanzoni ni ipi? Sisi tukisomea usalama tunafundishwa kumwogopa mdukuzi: kijana asiyejulikana, nchi isiyojulikana, anayevunja seva usiku. Mwanamke wa Chebunyo hamwogopi huyo. Kijana wa nchi ya mbali akijua ana virusi, hawezi kumfanya lolote kwenye kokwet. Anayemwogopa ni karani ambaye ni mke wa shemeji yake, na karani huyo hahitaji kuvunja chochote. Ana neno la siri halali, amepewa kazini. Nimeshaona watu wakipanda pikipiki, wakapita zahanati iliyo mlangoni, wakaenda kuchukua dawa wilaya nyingine ili tu wasionekane na mtu wa kwao. Wenye mradi huwaandika kama walioacha dawa. Hawakuacha, wamekimbia mezani.

Ndiyo maana swali langu kwa kila mfumo wa hospitali ni moja: unaandika aliyesoma? Majedwali ya msingi ya OpenMRS yanaandika aliyeingiza habari na saa gani. Hata kufuta si kufuta, rekodi inawekwa alama kwamba imebatilishwa, nani alibatilisha na kwa sababu gani. Ni kazi safi. Lakini aliyefungua faili, akaangalia, akafunga, hana safu yake humo. Ukitaka kumjua unaongeza moduli, na moduli ya kuongeza ni kitu ambacho zahanati yenye kompyuta moja na stima ya kubahatisha haiongezi. Wenye mifumo walijilinda na makosa ya kuandika, na shida ya kijijini ni kusoma.

Hata pale mfumo unapomwomba mgonjwa idhini. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kuthibitisha mgonjwa kulitegemea sana tarakimu zinazotumwa kwenye simu yake, anazozitaja kwa mhudumu. Nairobi ni jambo rahisi. Upande wa Chebunyo, mama mkongwe mara nyingi ameandikishwa kwa nambari ya mwanawe. Yuko kwenye benchi la zahanati na shuka lake, na tarakimu zimeingia kwenye simu ya kijana aliye kazini Nakuru, ambaye sasa anapiga kuuliza: mama, leo umeenda hospitali kufanya nini?