Soketi Ndiyo Inaamua: Historia Fupi Kabla ya Kubadili Mazabodi na Prosesa



Kikundi chetu kina kompyuta moja ya gemu. Jumamosi vijana wanacheza mpira na mbio za magari kwa malipo kidogo, na hayo malipo ndiyo yananunua bando la kozi za katikati ya wiki. Sasa mashine imezeeka. Prosesa yake ni Intel Core i3-4130 ya mwaka 2013, na gemu zinakwamakwama. Ndani ya kikundi tumegawanyika. Wengine wanasema tununue mazabodi na prosesa mpya, wengine wanasema tubadili prosesa peke yake. Pesa ni ya mara moja, ikiisha imeisha. Kabla ya kupiga kura tukasema turudi kwanza kwenye historia, maana swali hili si letu peke yetu.

Kwa wasiojua: mazabodi ni ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote, na inakaa kwenye kitako chake kinachoitwa soketi. Hapo kwenye soketi ndipo uamuzi wote unaanzia.

Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na soketi iliyoitwa Socket 7. Prosesa za Intel, za AMD na za Cyrix zote ziliingia humo. Fundi alinyanyua kijiti cha pembeni, akatoa ya zamani, akaweka nyingine, hata ya kampuni shindani. Mwaka 1997 Intel ikaleta Pentium II kwenye nafasi mpya, Slot 1, ambayo washindani hawakuwa na ruhusa ya kuitumia. Mwaka 1999 AMD nayo ikaja na Athlon kwenye nafasi yake, Slot A. Kuanzia hapo, ukichagua mazabodi umeshachagua na kampuni.

Baadaye ugomvi ukawa ni wa muda: soketi itaishi miaka mingapi? LGA 775 ya mwaka 2004 ilidumu, ikabeba majina kutoka Pentium 4 hadi Core 2 Quad. Lakini tazama zilizokuja baadaye: LGA 1155 mwaka 2011, LGA 1150 mwaka 2013, LGA 1151 mwaka 2015. Kila miaka miwili mlango mpya. Mwaka 2017 zikaja prosesa za Intel za kizazi cha 8 zenye umbo lilelile la LGA 1151, ila mazabodi za 2015 hazikuzikubali rasmi. Sisi wakimbizi tunalielewa hilo haraka: kuingia ni jambo moja, kukubaliwa ni jambo lingine.

AMD ilikwenda njia nyingine. Prosesa za Ryzen zilianza Machi 2017 kwenye soketi ya AM4, na Aprili 2022 bado ilitoka mpya ya soketi hiyohiyo, Ryzen 7 5800X3D. Lakini haikuja bure. Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba prosesa za kizazi kilichokuwa kinakuja hazitafanya kazi kwenye mazabodi za B450 na X470. Watumiaji wakalalamika kwa nguvu, na mwezi huohuo kampuni ikageuza uamuzi. Mwaka 2022 hata mazabodi za kizazi cha 2017 zikafunguliwa kwa kubadilisha BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta. Kwa hiyo soketi si amri ya mbinguni. Kuna watu wanaoiamua, na wakiulizwa wanaweza kujibu.

Sasa turudi kwetu. Kwanza tulipima. Gemu likikwama, prosesa iko asilimia 100 na kadi ya picha inapumzika. Ingekuwa kinyume chake, kununua prosesa kungekuwa kutupa pesa. Pimeni hivyo kabla ya lolote.

Pili, soketi yetu ni LGA 1150, na orodha ya mtengenezaji wa mazabodi inaonyesha inakubali Core i7-4770S. Ile i3 ina kiini mara 2, hii ina kiini mara 4. RAM yetu ya DDR3 inabaki. Ukichukua mazabodi ya kisasa, inadai DDR4 au DDR5. Kwa hiyo anayesema "mazabodi na prosesa" kiukweli ametaja vitu vitatu, na mara nyingine na pawasaplai inakuwa ya nne.

Tatu, umeme. i3 yetu imepangiwa wati 54, i7-4770 ya kawaida wati 84, lakini hiyo yenye herufi S ni wati 65. Kwa wanaotegemea sola, herufi moja ina maana.

Lakini wenzetu wanaotaka mazabodi mpya wana hoja ya kweli. Windows 10 ilimaliza huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka rasmi kuanzia kizazi cha 8. Yetu ni ya kizazi cha 4. Linux inatosha kwa kozi, ila baadhi ya gemu za mtandaoni zinaikataa.

Na wengi wetu tumetoka Kivu. Tantalamu inayotokana na koltani iko kwenye vifaa vingi vya elektroniki. Januari 2014 Intel ilitangaza prosesa zisizo na madini yanayofadhili vita, lakini hilo lilihusu prosesa, na mazabodi ina vipande vya viwanda vingi. Ubao unaoweza kufanya kazi miaka mingine miwili hatuutupi kirahisi.

Tumepiga kura. Tunanunua i7-4770S iliyotumika, gemu zetu za Jumamosi ni za bila mtandao, na mashine inahamia Linux. Pesa inayobaki inawekwa sandukuni kwa mabadiliko ya vitu vyote vitatu. Siku hiyo ikifika, kabla ya kuuliza prosesa ina kasi gani, tutamuuliza muuzaji: soketi hii bado ina miaka mingapi mbele?