Nyumba ya Mtoni, Unguja

Sisi tukaao Mwananyamala tukisikia jina la Mtoni, twafikiri kwanza Mtoni ya Temeke. Lakini iko Mtoni nyingine, yenye habari kubwa, nayo ni ile ya Unguja, kaskazini ya mji, kando ya bahari. Huko, yapata mwaka 1830, Seyyid Said bin Sultan, aliyetoka Maskati, alijijengea nyumba ya shamba.

Yafaa tulitazame jina lenyewe. Nyumba iliitwa Bet il Mtoni. Bet ni neno la Kiarabu, maana yake nyumba. Bali Mtoni ni neno letu, yaani mto pamoja na ile -ni ionyeshayo mahali, kwa sababu kijito kilipita hapo kikaingia baharini. Basi mwenye nyumba alikuwa mgeni, na jina lilikuwa la nchi.

Habari za ndani twazipata kwa binti yake, Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Siku zile wasichana walifundishwa kusoma tu, naye alijifunza kuandika kwa siri. Mwaka 1886, akiwa mjane huko Ujerumani, alitoa kitabu cha maisha yake. Atueleza ua mkubwa wenye tausi, mbuni na paa. Mabafu ya kuogea. Na baraza ya mviringo iliyoelekea bahari, ambapo baba yake alikuwa akinywa kahawa. Asema watu wa nyumba ile walipata 1,000.

Katika hao 1,000 watumwa walikuwa wengi, na karafuu zilizoleta mali ya Unguja zilichumwa kwa mikono ya watumwa. Waliojenga kuta na walioteka maji hawakuacha kitabu, na majina yao hatuyajui. Mwaka 1914 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba, yakabaki magofu pamoja na mabafu.

Haya yatuhusu sisi pia. Katika mitaa yetu nyumba za udongo za zamani zabomolewa kila mwaka, zajengwa za ghorofa. Wako wazee wajuao nani alichimba kisima kipi, na mtaa fulani uliitwaje kabla ya jina la sasa. Hawa hawana binti wa mfalme wa kuwaandikia. Twawaomba walimu wenzetu wawaendee na daftari, wawaulize kwa adabu, na kuandika majina kama yanavyotamkwa.