Kitanda, Kiti na Mgongo wa Mgonjwa wa Moyo

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, tiba kuu ya mshtuko wa moyo, yaani kufa kwa sehemu ya msuli wa moyo kwa sababu mshipa unaoupelekea damu umeziba, ilikuwa kitanda. James Herrick wa Chicago, aliyeonyesha mwaka 1912 kwamba mtu anaweza kunusurika kuziba huko, alisisitiza mapumziko kamili. Na uchunguzi wa mioyo ya marehemu uliochapishwa Marekani mwaka 1939, ulioonyesha kwamba kovu la moyo huchukua wiki kadhaa kukomaa, ukaipa uzito desturi ya kumlaza mgonjwa wiki nne hadi sita, mara nyingi akilishwa na muuguzi na kukatazwa hata kujigeuza.

Mgongo wa mgonjwa huyo haukuwa na msemaji. Tangu miaka ya 1890, Henry Head wa London alikuwa amechora maeneo ya ngozi yanayouma wakati kiungo cha ndani ndicho kinachougua, hali inayoweza kuitwa maumivu ya kuhamia: neva za moyo huingia katika uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua, pamoja na neva za mkono na za mgongo, hivyo ubongo hukosea mahali maumivu yanakotoka. Kwa hiyo aliyelalamika kuumwa katikati ya mabega alihofiwa kuwa moyo wake unaziba tena, na dawa ya hofu hiyo ilikuwa kumrudisha kitandani, ambako misuli ya mgongo hunyong'onyea na visahani vya kati ya pingili, vikikosa uzito wa mwili, hufyonza maji na kuvimba. Tiba ilizaa maumivu, na maumivu yakadai tiba ileile.

Mduara huo ulianza kukatwa mwaka 1952, Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walipochapisha taarifa ya wagonjwa 81 waliokalishwa kitini mapema badala ya kulazwa. Hoja yao, ikumbukwe, haikuwa mgongo: Levine aliamini kwamba miguu ikining'inia, damu hubaki chini na moyo hupunguziwa mzigo. Mgongo ulinufaika kwa bahati.

Hata hivyo, si kila maumivu yaliyobaki yalikuwa ya kitanda. Mwaka 1956 William Dressler wa New York alieleza uvimbe wa utando unaouzunguka moyo, unaotokea siku au wiki kadhaa baada ya mshtuko, wenye homa na maumivu ya kifua yanayoweza kufika mabegani, ambayo huzidi mgonjwa akilala chali na hupungua akiketi na kuinama mbele. Kabla ya hapo, hali hiyo iliweza kudhaniwa kuwa mshtuko mpya, na aliyeomba kuketi akalazwa tena.

Gharama ya kulala ilipimwa Dallas mwaka 1966, vijana watano wenye afya walipolazwa wiki tatu. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba wiki hizo zilikuwa zimewapunguzia uwezo wa kufanya kazi nzito kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka.