Jino Limeanza Kuoza? Tulia Kabla Ung'oe! Haya Hapa Kuhusu Filingi na Kraun

Unatafuna githeri yako poa, mara kaa! Jiwe. Ama jino linakuchoma kila ukishika chai, wiki ya tatu sasa, na wewe umeng'ang'ana tu na karafuu na dawa za maumivu za duka la mtaa. Wasee wengi wakifika hapo wana plani moja: ng'oa tumalizane. Ni rahisi kwa mfuko, sikatai. Lakini jino la mtu mzima likitoka halioti lingine, na majirani zake huanza kuinama polepole kuelekea pengo. Mimi niling'olewa gego nikiwa Fomu Tatu na hadi leo natafunia upande mmoja.

Kinachokula jino si mdudu, vile shosho alikuwa anatuambia. Ni bakteria. Wanakula sukari unayoacha mdomoni, wanatoa asidi, na hiyo asidi inachimba ganda gumu la nje. Shimo likiwa bado dogo, filingi inatosha: unadungwa ganzi, daktari anatoa sehemu iliyooza, anajaza, unaenda home siku hiyo hiyo.

Ile filingi ya rangi ya fedha inaitwa amalgamu. Inavumilia balaa, lakini karibu nusu yake ni zebaki, ndio maana Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Januari 2025, isipokuwa pale daktari anaona lazima. Ile nyeupe ni kompositi, inagandishwa kwa taa ya bluu na ukicheka hakuna mtu atajua.

Sasa, jino likianza kuuma lenyewe usiku wa manane bila hata kuguswa, hiyo ni noma. Mara nyingi inamaanisha kuoza kumefika kwa mshipa, na filingi peke yake haitakusaidia. Hapo ni ruti kanali, yaani kusafisha ndani hadi kwa mizizi na kuziba. Gego likishafanyiwa hivyo hupasuka kwa urahisi, so mara nyingi hufunikwa na kraun.

Kraun ni kama kofia. Jino linachongwa pande zote, vipimo vinaenda maabara, unapewa ya muda ukingoja yako. Kuna za kauri, zirkonia na chuma. Hata ya dhahabu si ya marapa tu; madaktari wameitumia tangu kitambo kwa sababu haisagi sana jino linalokutana nayo.

Bei ndio huuma kuliko jino. Kraun ni ghali mara kadhaa kuliko filingi, so uliza hesabu yote kabla ukalie kile kiti, na uangalie kama daktari yuko kwa orodha ya KMPDC, iko mtandaoni. Ukibanwa, jaribu kliniki ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambapo wanafunzi hutibu wakisimamiwa.

Lakini shavu likivimba na uwe na homa, achana na hesabu, enda hospitali leo. Na ukishawekewa kraun usiache kupiga mswaki: jino lililo chini bado linaweza kuoza, na huanzia pale kofia inapokutana na ufizi.