Mkebe Mmoja, Watu Sita

Mwaka niliorudi nyumbani kutoka kampasi bila digrii, kitu cha kwanza nilichonunua kwa pesa zangu mwenyewe kilikuwa mkebe wa tuna. Nilikuwa nimelipwa kwa kuandika vitu vya mtandaoni, doo kidogo tu, nikapitia supamaketi moja pale Wote nikaona mikebe imeshushwa bei. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Pengine nilitaka kuonyesha kwamba miaka yangu miwili ya Nairobi haikuenda bure.

Mkebe wa kawaida ni gramu 170. Ukichuja mafuta yake, samaki anayebaki ni kama gramu 120. Nyumbani tulikuwa sita: Susu, Mwaitu, mimi na wadogo zangu watatu. Hebu piga hesabu. Gramu 20 kwa kila mtu, yaani kijiko kimoja kilichojaa vizuri. Kwenye video niliyokuwa nimeangalia, jamaa alimimina mikebe miwili kwenye bakuli, akaongeza mayonezi, ati saladi ya watu wawili.

Mwaitu aliushika mkebe, akaugeuza, akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Ndengu ziko?"

Zilikuwa. Alizichemsha mpaka zikaiva bila kupasuka, akazichuja, akaziacha zipoe. Kabeji aliikata nyembamba kama uzi, akaitia chumvi na kuikamua kwa mikono ilainike. Mafuta ya mkebe hayakumwagwa, yalikaanga kitunguu. Badala ya mayonezi alitumia parachichi lililopondwa na ndimu. Tuna ndiyo iliingia mwisho kabisa, akaivunjavunja kwa uma mpaka hakukuwa na kipande kikubwa kuliko punje ya ndengu. Nikamuuliza kwa nini anaisaga hivyo. Akasema, "Ndio mtu asianze kuhesabu."

Sufuria nzima. Tulikula na chapati, na mdogo wangu akapeleka kidogo shule siku iliyofuata.

Nimewahi kufikiri kwamba ujanja huo ulikuwa wa Mwaitu peke yake. Baadaye, nikiwa na muda mwingi wa kusoma kuliko nilivyokuwa nao nikiwa mwanafunzi, niligundua kwamba mikono yake ilikuwa inafanya kazi ya zamani sana.

Chukua muthokoi. Watu wa nje huuona kama githeri iliyovuliwa koti, lakini fikiria kazi iliyomo. Mahindi makavu yanatiwa maji kidogo, yanatwangwa kwenye kinu mpaka ganda litoke, kisha yanapepetwa. Makapi yanaenda kwa kuku. Punje iliyobaki inaiva haraka kuliko ile yenye ganda, na katika nchi ambayo kuni na maji vyote ni vya kutembelea mbali, saa moja ya moto iliyookolewa ni chakula pia. Halafu yanachanganywa na mbaazi, kunde au maharagwe. Wataalamu wa lishe watakwambia mahindi yana upungufu wa laisini, asidi amino ambayo jamii ya kunde inayo tele, na kwamba vikiliwa pamoja vinajaziana. Susu hajawahi kusikia neno laisini. Yeye anasema muthokoi mtupu "haukai tumboni".

Mbaazi yenyewe si bahati nasibu. Kitui na Makueni mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo angalau unaweza kuitegemea. Mbaazi ina mizizi mirefu, inavumilia mahindi yakishakauka shambani. Mkulima anayepanda vyote viwili pamoja anaweka dau pande mbili.

Lakini sitaki kuandika ile insha ya kusifu "ustahimilivu" wa Wakamba. Tumeisoma vya kutosha, na kawaida mwandishi wake ameshiba. Kwa sababu upande mwingine wa historia hii ni orodha ya njaa, na Wakamba walizipa njaa majina, kama watu wanavyopa majina watoto.

Ngomanisye, yaani ile iliyoenea kila mahali, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1890. Ukame ulikuta ng'ombe wameshauawa na sotoka, kisha ndui ikafuata. Hiyo hiyo ndiyo miaka ambayo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa inakatiza Ukambani, na mchele wa wafanyakazi ukipita juu yake kutoka ng'ambo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kukawa na njaa ya Makonge, watu wakikata mkonge na kuuza nyuzi wapate cha kununulia unga. Mwaka 1961 kukawa na Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Katikati ya miaka ya 1960 ikaja Yua ya Atta, ya unga wa msaada. Na katika miaka ya 1980 ikaja ile ambayo jina lake huniumiza zaidi: Nikw'a Ngwete. Ninakufa nikiwa nimeshika. Pesa iko mkononi, dukani hakuna kitu.

Ukitazama majina hayo, mengi hayataji mvua. Yanataja kilichokuja au kilichokosekana: ndege, unga, mkonge, pesa isiyonunua. Watu walijua kwamba ukame ni hali ya anga, lakini njaa ina njia zake, ina mikono ya watu ndani yake.

Na kuna mkebe mwingine katika hadithi hii, ambao sikuujua mpaka nilipoanza kuuliza ni nani huyo Muindi Mbingu ambaye mtaa wake nilikuwa nikipita kila siku kwenda kupanda matatu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Machakos wamezidi, wanaharibu udongo. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya Machakos, ilitengwa kuwa wilaya 1992. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa nguvu, kwa bei ya kutupa. Mnunuzi alikuwa tayari: kampuni ya Liebig, iliyokuwa na kiwanda cha kusindika nyama Athi River. Hoja ya udongo ilikuwa na ukweli wake, sikatai. Lakini ni ajabu jinsi idadi ya ng'ombe ilivyoanza kuwa tatizo la dharura wakati kiwanda kinahitaji ng'ombe.

Kwa Mkamba wa wakati ule, ng'ombe alikuwa akiba ya siku mvua itakapokosa. Sasa akiba hiyo ilikuwa inaenda kuwa nyama ya mtu mwingine. Julai mwaka huo watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakiongozwa na Mbingu, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Hata hivyo serikali ilirudi nyuma, uuzaji wa nguvu ukasimamishwa.

Nikimsimulia Mwaitu habari hiyo alikuwa anachambua kunde. Akasema tu, "Na nani alikuwa anawapikia huko Nairobi wiki zote hizo?"

Sijapata jibu kwenye kitabu chochote. Swali lake lilinirudisha kwenye ile saladi. Jioni ile, kila mtu alipokuwa amepakuliwa, Mwaitu alikuwa bado amesimama kando ya jiko. Alikula mwisho, kilichobaki kwenye sufuria, akipangusa kwa kipande cha chapati, na nilipomwambia achukue changu akasema amekula akipika. Nimesikia sentensi hiyo maisha yangu yote. Chakula kikinyooshwa kuna mahali kinakatika, na kwetu kimekuwa kikikatika palepale, kwenye sahani ya anayepika. Hakuna aliyeipa njaa hiyo jina.

Susu hakula tuna. Alikulia upande wa Mutomo, Kitui, na samaki kwake bado ni jamaa wa nyoka. Aliokota ndengu moja moja, akaacha kila alichoshuku, akalalamika kuhusu ndimu.

Lakini mkebe aliuchukua. Aliuosha kwa jivu, akaugongagonga ukingo kwa jiwe usikate mtu, akauweka ndani ya gunia la ndengu karibu na gorogoro. Kipimo cha siku ni mikebe mitatu. Wiki iliyopita nilipiga simu nyumbani, Mwaitu akaniambia wameanza kupima miwili.