Manjano ya Wangwana na vidonge vya siku hizi

Sisi wa Barumbu, kama wenzetu wote wa Kisangani, tunajua Kiswahili chetu kilitoka wapi. Kilipanda na Wangwana toka pwani, kikapita Tabora na Ujiji, kikafika Kasongo na Nyangwe, mwisho kikatua kwenye maporomoko ya mto. Mwaka 1887 Tippu Tip, jina lake halisi Hamed bin Muhammed, alifanywa wali wa Stanley Falls. Yeye aliondoka 1890, lakini Wangwana walibaki, hata baada ya vita vya 1892-1894. Walituachia mashamba ya mchele, kanzu, na maneno mengi. Moja ni manjano.

Manjano ni mzizi wa jamaa ya tangawizi, na asili yake ni Asia ya kusini. Tunasema hivyo wazi sababu siku hizi kuko wauzaji wa vidonge vya manjano wanaosema hii ni dawa ya mababu. Mababu wa nani? Wazee wa msitu walikuwa na maganda na majani yao. Pwani manjano yalikuwa ya mchuzi, na ya singo anayosuguliwa bibi-arusi. Wahindi ndio waliyatia kwenye kidonda tangu zamani sana. Mwaka 1995 chuo kikuu cha Mississippi, kule Marekani, kilipewa hati ya kumiliki ujuzi huohuo wa kuponya vidonda. India ikakataa, ikaleta maandiko yake ya kale, na 1997 hati ikafutwa.

Sasa kidonge chenyewe. Kinauzwa kwa ajili ya inflamasio, yaani mwili kuvimba, kuwa mwekundu, kuwaka moto na kuuma. Kitu kinachotafutwa ndani ya manjano ni kurkumini, ambayo wataalamu Vogel na Pelletier waliitenga mwaka 1815. Katika unga wa jikoni iko kidogo tu, karibu gramu 3 katika gramu 100, na ukiimeza haiingii kirahisi katika damu. Ndiyo maana viwanda vingi vinachanganya pilipili manga: utafiti wa India wa 1998 ulionyesha kwamba inaongeza kiasi kinachoingia karibu mara 20. Basi mama anayetia kijiko katika sufuria ya wali na mtu anayemeza kidonge kila asubuhi hawafanyi kazi moja, hata kama rangi ni ileile.

Je, kinasaidia? Tuchukue goti, sababu wazee wetu wengi wanalia goti. Mwaka 2020 waganga wa Australia walitangaza jaribio la watu 70 wenye magoti ya kuuma na kujaa maji. Nusu walipewa manjano, nusu kidonge kitupu, wiki 12. Waliopewa manjano walipata nafuu zaidi ya maumivu. Lakini walipopiga picha ndani ya goti, uvimbe haukuwa umepungua kuliko wa wale wengine. Kwetu jibu hilo ni la maana: maumivu yalishuka, uvimbe, ambao ndio sababu ya kuuziwa kidonge, ulibaki. Na watu 70 si wengi.

Kuko jambo lingine, ambalo muuzaji hasemi. Mwaka 2022 waganga wa Marekani wanaofuatilia ini lililoharibiwa na dawa walieleza wagonjwa 10 waliougua sababu ya manjano ya vidonge. Watano walilazwa hospitali, mmoja akafa. Wengine walikuwa wametumia yale yenye pilipili manga. Ni wachache ukilinganisha na wanaomeza, tunakubali. Lakini ini likilemewa, mkojo unakuwa mweusi kama chai kavu, na macho yanageuka rangi ambayo Kiswahili kinaiita kwa jina la mzizi huu. Anayeona hivyo aache vidonge siku hiyohiyo, aende kwa muganga wa hospitali, na abebe chupa yenyewe mkononi, sababu wengi wakiulizwa wanakunywa dawa gani wanajibu: hakuna, ni manjano tu.