Lugha iliyounganisha programu na hifadhidata ina funzo kwa Kiswahili

UNAPOTIA kadi kwenye mashine ya benki na kuuliza salio, programu inayokuhudumia haina pesa zako wala haizijui. Kumbukumbu za akaunti yako zimo kwingine, katika hifadhidata, pengine kwenye kompyuta iliyo mbali kabisa na mji uliomo. Programu huuliza, hifadhidata hujibu. Mazungumzo hayo ni mafupi mno hata hatujiulizi: je, huzungumza kwa lugha gani? Hebu tulitazame swali hilo, maana historia yake inawagusa wapenzi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Katika miaka ya 1960, hapakuwa na lugha ya kuuliza. Kila programu ilibeba ndani yake ramani ya mahali data ilipo. Mfumo wa IMS wa kampuni ya IBM, ambao ulianza kama nyenzo ya kuorodhesha vipuri vya mradi wa Apollo wa kwenda mwezini, ulipanga kumbukumbu mithili ya mti wenye shina na matawi. Mwandishi wa programu alilazimika kujua apande tawi lipi, ateremke wapi. Charles Bachman, alipotunukiwa Tuzo ya Turing mwaka wa 1973, alimfananisha mtu huyo na nahodha anayetafuta njia baharini. Taswira nzuri, ila gharama yake ilikuwa kubwa. Mpangilio wa data ulipobadilishwa, programu zilizoutegemea nazo zililazimika kuandikwa upya.

Mnamo Juni 1970, Edgar Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi IBM kule California, alichapisha makala yaliyogeuza mambo. Alipendekeza data ipangwe katika majedwali na kwamba programu iseme inataka nini, bila kueleza njia ya kukifikia. Njia itafutwe na mfumo wenyewe. IBM, ambayo tayari ilikuwa ikiuza IMS, haikulikimbilia wazo hilo.

Wazo lilihitaji lugha. Mwaka wa 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wote wa IBM, walichapisha lugha waliyoiita SEQUEL. Baadaye jina lilifupishwa likawa SQL kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine. Boyce alifariki mwaka huohuo wa 1974, hakuyaona matunda ya kazi yake. Nia yao ilikuwa mtu asiye mtaalamu wa kompyuta aweze kuuliza kwa maneno ya kawaida. Kwa Kiswahili, ulizo lake lingesomeka hivi: chagua jina na salio kutoka jedwali la wateja ambapo salio ni chini ya 1000. Basi, yamekwisha.

SQL haikuwa peke yake. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kundi la Michael Stonebraker na Eugene Wong lilikuwa na mfumo wa Ingres na lugha yake, QUEL. Wataalamu wengi waliisifu QUEL kwa mantiki yake iliyonyooka. Lakini kampuni ambayo leo tunaijua kama Oracle iliuza mfumo wa SQL mwaka wa 1979, IBM ikafuata na mifumo yake, na mwaka wa 1986 shirika la viwango la Marekani, ANSI, likaisanifisha SQL. ISO ikaipitisha mwaka wa 1987. QUEL ikabaki katika vitabu vya historia.

Je, usanifishaji ulimaliza kazi? La hasha. Kila kampuni iliendelea na lahaja yake ya SQL na namna yake ya kupokea programu mlangoni. Aliyehama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine alirudi kurekebisha programu zake. Ufumbuzi mashuhuri ulikuja mwaka wa 1992, Microsoft ilipotoa ODBC. Hapa pakawekwa kiendeshi, nacho si kingine ila mkalimani. Programu huzungumza na kiolesura kimoja tu. Kiendeshi hupeleka ulizo kwa hifadhidata kwa namna inayoeleweka huko, kisha hurudi na majibu. Mwaka wa 1997, lugha ya Java nayo ikapata JDBC kwa mtindo huohuo. Lahaja hazikufutwa. Kilichokubaliwa ni mahali pa kukutania.

Sisi tunayajua mambo haya. Kimvita kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi, lakini Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka wa 1930. Kuteuliwa si ushahidi wa ubora, na kutoteuliwa si hukumu ya kifo. Wamvita wangali wanazungumza na kutunga.

Leo tunabishana: je, tuseme hifadhidata au kanzidata? Wakati sisi tukivutana, mwanafunzi darasani anatumia neno la Kiingereza na kuendelea na kazi yake. Kumbe ubishi wenyewe si wa lazima! Acha Nairobi waseme hifadhidata, Dar es Salaam waseme kanzidata. Tunachohitaji ni mkalimani wetu: orodha moja ya istilahi inayoonyesha kwamba hili na lile ni kitu kimoja, itumiwe na walimu, wahariri na wanaotafsiri programu pande zote za mpaka.

La pili ni matumizi. SQL ilishinda kwa sababu ilitiwa kazini mapema, ikiwa na kasoro zake ambazo Codd mwenyewe hakuacha kuzilalamikia. Istilahi inayosubiri ukamilifu kabatini itaoza humo humo. Na ifahamike kwamba amri za SQL ni za Kiingereza, ila majina ya majedwali na safu huchaguliwa na mwandishi wa programu. Hakuna kinachomzuia kijana wa Kisumu au Malindi kuliita jedwali lake wateja na safu yake salio. Kompyuta haitamkatalia. Walimu wa kompyuta waanzie hapo, muhula huu.